Kastabini Iliyojaa Kutu

Kama kuna kitu Masikio alikichukia duniani, kilikuwa msumari. Si msumari mpya wa dukani, ambao una kazi yake na heshima yake. Alichukia msumari wa zamani, ule uliooza ardhini, ukapinda, ukavaa kutu mpaka ukanenepa, na bado ukabaki na uwezo wa kumdanganya mtu mzima apige magoti, achimbe, atokwe jasho, halafu ainuke na takataka kiganjani. Magoti yake yote mawili yaliharibiwa na misumari. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo, lakini mwenyewe hakuwa na shaka.

Jina la Masikio alipewa na majirani kwa sababu ya hedifoni. Zamani alikuwa fundi redio, tena fundi hodari, mpaka watu walipoacha kutengeneza redio wakaanza kuzitupa. Kibanda chake kikabaki na nyaya, betri na yeye. Akaona asife njaa na ufundi wake. Akazungusha waya wa shaba ndani ya sahani ya plastiki, akaifunga kwenye mpini wa bomba, akaunganisha na kasha la redio la kuning'inia kiunoni, akavaa hedifoni kubwa, na hapo akawa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Tangu hapo akawa mtu wa mashamba yaliyoachwa, nyua za viwanda vilivyofungwa na viwanja visivyo na mwenyewe. Alitafuta sarafu za zamani, vifungo vya sare, beji na medali. Walikuwapo watu mjini walionunua vitu hivyo na kuvipanga kwenye makabati ya vioo. Mke wake alisema watu hao wana wazimu, lakini sukari iliyoletwa na wazimu wao hakuwahi kuikataa.

Mashine ile ilikuwa na lugha yake. Shaba na fedha zililia kwa sauti nyembamba, safi. Chuma kiliguna. Na kwa kuwa palipoishi watu ardhi hujaa chuma kuliko kitu kingine chochote, mashine iliguna kutwa nzima, na Masikio akilala bado anausikia mguno kwenye mto wa kulalia. Siku moja ikamfika shingoni. Akafungua kasha, akaunga swichi ndogo ubavuni, na kuanzia siku hiyo swichi ikilazwa chini, chuma hakisikiki tena. Mashine ikawa inapita juu ya misumari, bawaba na makopo bila kusema neno, inaamka tu pakiwa na shaba au fedha. Masikio aliona hajawahi kufanya jambo la akili kuliko hilo. Swichi akaizungushia selotepu isije ikainuka kwa bahati mbaya, akaisahau.

Mahali alipopazoea kuliko pote palikuwa kambi ya wafanyakazi wa machimbo ya mawe. Kampuni ilipofunga virago, watu waliondolewa, mabati yakafuata, matofali yakafuata, na mwisho kichaka kikajichukulia chake. Masikio alizaliwa pale, ingawa hakukumbuka hata ukuta mmoja. Alitoka kambini akiwa mgongoni mwa dada yake. Mama yao alifariki pale yeye akiwa bado ananyonya. Alijua amezikwa kambini, ila hakujua ni wapi. Baba yao, aliyekuwa fundi wa karakana ya kampuni, hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza alijibu, "Kule nyuma," mpaka naye akaenda zake. Na nyumba zikishaondoka, nani anajua nyuma ni wapi.

Kwa hiyo kila alipokwenda kule, Masikio alijiambia kwamba akiona dalili ya makaburi atasimama. Hakuona tuta wala jiwe. Akajipa moyo kwamba labda ni upande mwingine, akaendelea na sarafu zake.

Dada yake alifika asubuhi moja bila kutuma habari. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, mguu wa kulia umevimba, na alikuwa ndiye aliyemlea, hivyo hakuwa na haja ya kubisha hodi mara ya pili.

"Kambi inasawazishwa," alisema kabla hajakaa. "Wanajenga maghala. Tingatinga limeshafika."

"Nani kakwambia, dada?"

"Wale tuliokuwa tunakaa nao. Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi. Ni mtu mzuri, hana neno. Kasema mwenye kaburi lake akalionyeshe kabla mwezi haujaisha, watalihamisha tunakotaka sisi. Yasiyo na mwenyewe yanafukuliwa yote, yanatiwa kwenye shimo moja." Alinyoosha mguu kwa mikono miwili, akauegesha kwenye stuli. "Mimi nataka mama alale ubavuni kwa baba. Nafasi yake ipo, na yangu ipo hapo hapo. Sitaki akachanganywe na watu."

Masikio alikuna shingo. Hakupenda kumvunja moyo, lakini alijiona ndiye mjuzi wa ardhi ile. "Dada, kule nimepita miaka. Nimepafagia pote kwa mashine. Hakuna makaburi yanayoonekana."

"Na mashine haikusema kitu?"

"Haikusema."

"Basi mbovu hiyo. Kila kaburi lilipigiliwa kigingi cha chuma. Kampuni ilikuwa na machimbo ya mawe, na hata jiwe moja haikututolea. Ilitoa vigingi."

Masikio alitazama ukutani, lilipotundikwa kasha la mashine, na ile swichi iliyolazwa, selotepu yake imeshakuwa ya manjano kwa uzee. Miaka yote hiyo alikuwa ameitia mashine pamba masikioni, akapita juu ya watu wazima waliolala, na huenda alipita juu ya mama yake mwenyewe, akitafuta vifungo. Mke wake, aliyekuwa mlangoni akishona shati, kastabini kidoleni, aliinua macho akamwona alivyobadilika.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Naumwa ujinga," alisema Masikio, akaenda kuitoa mashine ukutani.

Kesho yake walikwenda wote wawili, yeye na dada. Alimwekea kigoda na mwavuli mahali penye nyasi fupi, akabandua selotepu, akainua swichi. Ilikuwa kama kufungua mlango wa darasa lisilo na mwalimu. Ardhi nzima iliguna. Iliguna mbele, iliguna kando, iliguna hata alipoisimamisha mashine bila kuisogeza. Akavua hedifoni, akashusha pumzi, akavaa tena.

Hapakuwa na ujanja ila kuchimba. Alichimba kwa mwiko wa zamani wa mwashi, alioununua kwa kuwa una ncha kali, na kila mguno aliufuata mpaka mwisho wake. Misumari ilitoka. Zilitoka bawaba, ncha ya beleshi, kopo lililojifunga ngumi, mnyororo wa baiskeli ulioshikamana ukawa kitu kimoja. Alivitupa kwenye gunia asije akavichimba mara ya pili, na kila shimo alilifukia, kwa sababu hiyo ndiyo adabu ya kazi ile na mikono yake ilishazoea. Siku ikaisha. Ikaisha nyingine. Mgongo ulimkatika, na usiku mkewe alimkanda kwa maji ya moto bila kusema lolote la kumsimanga, jambo ambalo kwa mkewe halikuwa dogo.

Dada alisaidia kwa kumbukumbu, ila kumbukumbu nayo ilikuwa imezeeka. "Karakana ilikuwa pale," alisema akinyoosha mwavuli. Baada ya kitambo, "Hapana, pale palikuwa na bomba la maji. Tulikuwa tunapigana kwa ndoo." Alicheka peke yake. Masikio alisikia uchungu kumwona. Mtu huyu alimbeba mgongoni kutoka pale, na sasa alikaa kwenye kigoda hata hajui aliwahi kukaa wapi.

Kigingi cha kwanza kilipotokea, Masikio alidhani ni kipande cha nondo. Alichimba kukifuata, kikazidi kushuka, kimesimama wima kabisa, na pembeni yake palikuwa na kibati kidogo kilichochomelewa. Msumari haupandwi hivyo. Alichukua hatua chache kwenda kushoto, mashine ikaguna tena, kigingi kingine. Akageuka kulia, kingine. Vilikuwa kwenye mstari ulionyooka, chini kidogo tu ya udongo, vimesubiri mtu mwenye akili ya kuvisikia.

"Dada," aliita. "Ni hapa."

Jioni ile uwanja ulikuwa umejaa vijiti, kijiti kimoja kwa kila kigingi, safu nyuma ya safu. Msimamizi wa mtambo alikuja na kofia yake ngumu, alipoona vijiti akaivua.

"Mzee, umefanya kazi," alisema. "Tingatinga halitakanyaga hapa mpaka wote wahamishwe. Sasa, la mama yenu ni lipi?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kila kibati kilipigwa namba zamani, na kutu ilikuwa imezila zote. Walipangusa, walimwagia maji, msimamizi akamulika kwa tochi. Hakuna kilichosomeka.

"Mimi nawaamini," alisema msimamizi, "ila siwezi kuwapa kaburi la kubahatisha. Mkikosea, mtamlaza mama wa watu kwa baba yenu. Mtafuteni. Nawasubiri mpaka hiyo tarehe, zaidi ya hapo si mimi ninayeamua."

Alipoondoka, dada alikaa akichora chini kwa ncha ya mwavuli.

"La mama lilikuwa na alama yake," alisema. "Mimi sikujua kusoma, nikamwambia baba nitapotea, vigingi vyote sura moja. Baba akachukua tupa ya karakanani, akakinoa kichwa cha kigingi mpaka kikawa chembamba, akakivisha kastabini ya mama. Ya shaba. Mama alikuwa anashonea kambi nzima. Akaigonga mpaka ikakaa. Akaniambia, ukija, tafuta kinachong'aa." Alitikisa kichwa. "Sikukueleza kwa sababu najua haipo tena. Watu hawaachi kitu. Hata cha marehemu wanachukua."

Masikio alikaa chini pale pale kwenye udongo.

Aliikumbuka. Wachimbaji wa aina yake husahau siku za kuzaliwa za watoto wao, lakini kitu kilichotoka shimoni hawakisahau, hata wakisahau shimo lilikuwa wapi. Mashine ilikuwa imelia sauti nyembamba, nzuri, akapiga magoti na furaha zake, akaona mviringo wa shaba. Akauvuta, ukagoma. Akadhani umenaswa na mzizi. Akauzungusha huku na huku, ukatoka, kastabini iliyojaa kutu mpaka mdomoni, naye akapitisha mashine tena juu ya shimo kama kulikuwa na kingine. Mashine ikanyamaza. Chuma kilikuwa kimezimwa, ingesema nini? Akafukia shimo vizuri, kwa adabu zote, akaenda zake. Nyumbani alikaa barazani akikwangua ile kutu kwa ncha ya msumari, akaipuliza kutoka magotini, akaisugua kwa majivu mpaka ikawaka, akampa mke wake.

Angeweza kumwambia dada hapo hapo. Alisema tu kwamba jua limezama, waende.

Mkewe alikuwa akikunja nguo alizomaliza. Masikio alisimama mbele yake.

"Naomba ile kastabini," alisema.

"Ya nini?"

"Nakuomba tu."

"Katika vitu vyote ulivyowahi kuniletea, hiki peke yake ndicho kilichokuwa na faida," alisema mkewe. "Vingine vyote vimenitoboa miguu. Na hicho ndicho unachokitaka?"

Basi akamweleza yote, hakuficha kitu, hata ile kutu aliyoipuliza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Aliivua kastabini taratibu, kidole kikabaki na alama nyeupe mahali ilipokaa miaka. Alikuwa ameshonea kwa kastabini ile sare zote za shule za watoto wao, na nguo za harusi za binti yao.

"Mama mkwe nilikuwa nasikitika sikuwahi kumjua," alisema. "Kumbe nilikuwa nashona naye. Mpelekee mwenyewe. Na umwambie wifi ukweli, usije ukatafuta njia ya kuzunguka. Nakujua."

Asubuhi Masikio alianzia safu ya mwisho. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi, wa mtu anayejua anachokitafuta na anakiogopa. Kila kigingi alikifukua kichwa, akakipangusa kwa kidole gumba, akaenda kwa kingine.

"Unahangaika bure," alisema dada kutoka kwenye mwavuli. "Nimekwambia kastabini ilishachukuliwa."

"Kichwa kilichonolewa hakichukuliwi, dada."

Dada alifikiri kidogo. "Hilo nalo kweli," alisema, akavuta kigoda akasogea karibu, taratibu, mguu ukiburuzika.

Vichwa vilikuwa butu, kimoja baada ya kingine, vipana, vilivyopondwa na nyundo. Jua lilipopanda aliviona vinaelea mbele ya macho. Kuna wakati alitamani kisipatikane, tarehe ifike, alaumiwe msimamizi. Aliona haya kwa wazo hilo, akaendelea. Kile alichokitafuta kilikuwa kando ya njia nyembamba ya miguu, njia aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa kupita pale miaka mingi. Alikipangusa, kidole gumba kikateleza. Kichwa kilikuwa chembamba, kimenolewa pande zote kwa subira, na chini ya sehemu iliyonolewa palikuwa na bega dogo ambapo kitu kingeweza kuketi.

Aliita dada, akamshika mkono akamleta. Kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa kastabini, akaivisha. Iliingia. Akaizungusha kidogo, kama alivyoizungusha siku ile ya kuitoa, ikaketi kwenye bega la kigingi bila kutikisika.

Dada aliitazama muda mrefu. Halafu akamtazama yeye.

"Umeitoa wapi?"

"Hapa. Mimi ndiye niliyeichukua, dada. Sikujua. Nilikuwa nimekizima chuma, kigingi sikukisikia, nikasikia hii tu. Nikaing'oa, nikafukia, nikaondoka. Miaka yote hii mke wangu alikuwa anashonea." Alishindwa kuinua uso. "Nisamehe."

Dada alijishusha mpaka chini, jambo lililomgharimu, akakaa kando ya kigingi na mguu wake mbovu ameunyoosha, akaigusa kastabini kwa kidole. Akajaribu kukumbuka kama ndiyo yenyewe, na uso wake ukaonyesha kwamba ndiyo.

"Mimi nilikuwa najua kuna alama," alisema hatimaye. "Sikuja hata siku moja. Mara watoto, mara kazi, mara mguu. Sababu hazikunikosa. Wewe hujui lolote, hata sura yake huijui, na ukamfikia." Alipangusa udongo kwenye bega la kigingi. "Hata mimi nilimchezea mama kastabini hii. Nilichapwa kwa ajili yake, nilipoipoteza kwenye ndoo ya maji. Mtoto huchezea vitu vya mama yake, mdogo wangu. Wewe ulichelewa tu."

Masikio alikuwa mzee mwenye wajukuu, na hakuwahi kumlilia mama yake, kwa sababu hakujua amlilie mtu gani. Sasa alimjua kwa kitu kimoja, kidole kilichovaa kastabini na mtoto anayeichukua kuichezea, na kitu hicho kimoja kilimtosha. Alilia akiwa amepiga magoti, hedifoni shingoni, mashine ikiguna peke yake ndani ya nyasi.

Dada alimwacha alie. Baadaye aliupunga mwavuli kumwita msimamizi, ambaye alikuwa akitoka kwenye kivuli cha tingatinga lake.

"Akishaona, iondoe," alisema. "Mrudishie wifi. Mama hakupenda kastabini ikae bure."